Lubumbashi ni ya Nani? Katanga kati ya Asili, Shirikisho na Simu

Novemba 1980 wabunge 13 wa Zaire, Kongo ya leo, walimwandikia Rais Mobutu barua ndefu ya kumkosoa, jambo ambalo zama zile lilikuwa ni kujitafutia kifungo. Miongoni mwao alikuwamo Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mtu wa Katanga. Walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni ndani ya nchi yao wenyewe, na Februari 1982 kundi hilo likazaa chama cha UDPS. Miaka kumi baadaye Kyungu, sasa gavana wa Katanga (wakati huo ikiitwa Shaba), alikuwa akiwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu, mbele ya umati uliompigia makofi, na familia kwa maelfu zikafukuzwa Likasi na Kolwezi. Kufikia 2016 chama chake cha UNAFEC kilikuwa kimerudi kukaa na UDPS ya Tshisekedi yule yule katika muungano mmoja wa upinzani. Kyungu alifariki Agosti 2021, mwana wa Tshisekedi akiwa rais wa nchi.

Anayesema kwamba Wakatanga na Wakasai wana chuki ya damu, ya tangu na tangu, atapata taabu kueleza maisha ya mtu huyu. Kuna maelezo yanayomtosha vizuri zaidi: ugomvi wa asili hupanda na kushuka kufuatana na swali la nani anagawa nini. Kanuni za kugawana vyeo na mapato zinapobadilika, watu hukumbushwa kwao ni wapi. Zikitulia, hurudi kwenye harusi, misiba na mpira.

Wasomi wanaochunguza siasa za makabila, mfumo wa shirikisho na mitandao ya kijamii, kuanzia Addis Ababa hadi Nairobi, huuliza kama kuyapa majimbo madaraka huwapoza watu au huwachochea, na kama simu ya mkononi imebadilisha chochote katika hesabu hiyo. Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa sababu imeshapitishwa katika karibu kila jibu: kujitenga, dola ya chama kimoja, jimbo kubwa, jimbo dogo.

Mji wenyewe ni wa watu waliokuja. Ulianza 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka ambao reli kutoka kusini iliufikia, na kazi yake ilikuwa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, haikupata wafanyakazi wa kutosha katika vijiji vya Walamba na Wasanga vilivyokuwa jirani. Ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai, Lomami, Maniema na Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaona kibarua wa miezi michache anaigharimu kuliko anavyoifaa, ikaanza kumtaka mfanyakazi mwenye mke na watoto, akae kambini miaka na miaka. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, nacho hakikuwa lugha ya mama ya wengi kati ya waliokutana pale. Watoto waliozaliwa katika nyumba za kampuni walikua wakikizungumza hicho, ila vitambulisho vya baba zao viliendelea kutaja kabila, chifu na kijiji ambacho wengi wa watoto hao hawakuwahi kukiona.

Waliotoka Kasai walikuwa wametangulia katika shule za misheni, na makarani, mafundi na wasaidizi wengi wa ofisini walitoka kwao. Jambo hilo halikuwa na uzito wa kisiasa mpaka siku ya kura. Mwishoni mwa 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa serikali za miji, na wengi wa mameya Waafrika waliochaguliwa Élisabethville walikuwa wenye asili ya Kasai. Oktoba 1958 CONAKAT ikaundwa, Godefroid Munongo akiwa kiongozi wake wa kwanza kabla ya Moïse Tshombe, na neno lake kuu lilikuwa kuwatetea "Wakatanga halisi". Kwa maneno mengine, Ukatanga wa kisiasa una umri wa kura ile. Kabla yake walikuwapo Walunda, Wayeke, Wasanga, Waluba, Wabemba na wengine, kila mmoja na chifu wake.

Na hata huo Ukatanga haukuwa mmoja. Tshombe alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, BALUBAKAT ya Jason Sendwe iliyokuwa na nguvu kaskazini ilimpinga, na kaskazini kukawa uwanja wa vita ndani ya dola iliyodai kuwatetea wote. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale pale Élisabethville. Dola hiyo ilikufa Januari 1963, lakini iliacha mzigo ambao mtetezi yeyote wa shirikisho nchini Kongo bado anaubeba: kila anapofungua mdomo, Kinshasa husikia Tshombe.

Hali ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukiendelea Kinshasa ulikuwa unaandaa rasimu ya katiba ya shirikisho. Agosti 15 ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga na mkuu wa chama cha UFERI alichokuwamo Kyungu. Vurugu zikalipuka. Vijana wa chama hicho, JUFERI, walizunguka nyumba hadi nyumba, na waliofukuzwa wakalundikana kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni za kwenda Kasai. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa na njaa wakiwa bado wanangoja. Makadirio ya waliohama hadi katikati ya miaka ya 1990 yanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Habari hii mara nyingi husimuliwa bila shaba, na bila shaba haieleweki. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikizalisha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka Septemba 1990, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Hospitali, shule, mgao wa unga, yote yaliyotoka kwa kampuni yalikuwa yanakauka. Kila Mkasai aliyepakiwa kwenye treni aliacha nyuma kazi, dawati au nyumba ya kampuni, na palikuwa na foleni ya kuvirithi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyetumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi hao na wajane wao, ameonyesha jinsi maisha ya familia yalivyofungwa kwenye kampuni kama mtoto kwa baba, na nini hutokea baba anapoondoka.

Sasa tuje kwenye katiba, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapochanganya.

Katiba ya Februari 2006 hailitaji shirikisho mahali popote, lakini ukiisoma bila kuangalia jina unaweza kudhani ni ya shirikisho. Kila jimbo lina bunge lake, na bunge hilo humchagua gavana. Ibara ya 175 inaliruhusu jimbo kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, yakatwe pale pale kabla ya kwenda Kinshasa. Ibara ya 181 inaanzisha mfuko wa kusawazisha, unaolishwa kwa asilimia 10 ya mapato ya taifa, ili majimbo maskini yasiachwe nyuma. Ibara ya 220 inakataza marekebisho yoyote ya kupunguza madaraka ya majimbo. Ni mapatano ya watu waliotoka vitani, na Katanga, ghala la madini la nchi, ndiyo iliyotazamiwa kufaidika zaidi na ile asilimia 40.

Haikukatwa. Fedha zimeendelea kupanda Kinshasa na kushuka kwa kiasi na kwa wakati unaoamuliwa na Kinshasa. Gavana anayegombana na rais hujua hilo kabla ya mtu yeyote.

Kilichotekelezwa ni kugawanya majimbo, na hilo nalo lilifanyika 2015, miaka tisa baada ya katiba, wakati gavana Moïse Katumbi alipokuwa anaachana na Rais Joseph Kabila. Majimbo 11 yakawa 26, Kinshasa ikiwemo. Katanga, yenye karibu kilomita za mraba 497,000, ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi mikubwa zaidi, ya Kolwezi na Fungurume, ikaangukia Lualaba. Haut-Katanga ikabaki na Lubumbashi, Likasi, Kipushi na mpaka wa Kasumbalesa. Haut-Lomami na Tanganyika, kaskazini, zikapata ardhi pana na barabara mbovu.

Watu wengi nje ya Kongo wanaona hilo kuwa ni suala la ramani tu. Kwa mkazi wa Lubumbashi lilikuwa kubwa zaidi. Mluba wa Kamina aliyezaliwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ambaye mwaka 1992 alihesabiwa miongoni mwa wenyeji dhidi ya Wakasai, aliamka siku moja akiwa mtu wa Haut-Lomami anayeishi kwenye jimbo la wengine. Orodha ya mawaziri wa jimbo ilipotangazwa, alianza kusikia swali ambalo yeye mwenyewe alizoea kuwauliza wengine. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya kukaa popote nchini, na katika ibara nyingine inataka serikali ziundwe kwa kuzingatia uwakilishi. Uwakilishi wa nani, kama si wa asili? Sheria yenyewe inawafundisha watu kuhesabiana.

Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 iliongeza kuni kwenye moto huo. Mrabaha wa madini sasa hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au himaya ya kichifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni haki, na vijiji vinavyopumua vumbi la migodi viliingoja muda mrefu. Lakini kwa mara ya kwanza mpaka kati ya chifu mmoja na mwingine una thamani ya fedha taslimu, na swali la nani ni mwenyeji wa kilima fulani limepata bei.

Mei 2022 Kanisa Katoliki, chini ya Askofu Mkuu Fulgence Muteba, liliita Lubumbashi kongamano la upatanisho wa Wakatanga. Kabila na Katumbi, waliokuwa hawaonani uso kwa uso kwa miaka, walikutana hapo. Anayedhani mgogoro wa Katanga ni wa Mkatanga na Mkasai pekee angeshangaa: kongamano lilihusu kwa kiasi kikubwa Wakatanga wenyewe kwa wenyewe, wa kaskazini na wa kusini.

Hilo la Wakasai, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kurudi kwa mlango mwingine. Almasi ya Mbuji-Mayi haiajiri tena kama zamani, kampuni ya MIBA ikiwa hoi, na vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 viliwafukuza makwao zaidi ya watu milioni moja katika Kasai. Vijana walipanda treni na malori kuelekea kwenye shaba, kama babu zao. Safari hii walikuta rais wa nchi ni mtu wa kwao, na kila aliyeshuka stesheni akiwa na begi akaonekana na baadhi ya watu kama askari wa mbele wa mradi fulani wa kisiasa. Picha zao zilifika kwenye simu za Bruxelles kabla wao hawajafika nyumbani kwa shangazi.

Simu imebadilisha nini, basi? Uvumi ni wa zamani. Wakongo waliuita radio trottoir miaka mingi kabla ya WhatsApp, na wale wanaoitwa parlementaires-debout, wanaosimama kwa wauza magazeti wakijadili vichwa vya habari bila kununua gazeti, walikuwa mtandao wa kijamii kamili. Mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi usiku wa Mei 11, 1990 yalienea nchini kwa mdomo, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Tofauti ya kwanza iko kwa mwenye kusema. Mwaka 1992 chuki ilihitaji gavana, uwanja, redio na vijana wa chama. Ilikuwa na anwani, na aliyeitaka inyamaze alijua pa kwenda. Leo ujumbe wa sauti wa dakika mbili, uliorekodiwa na mtu asiyejulikana, hupita kundi la ukoo, kundi la parokia na kundi la mashabiki wa timu za Mazembe au Lupopo jioni moja, na kila anayeupokea anaupokea kutoka kwa mtu anayemwamini. Gavana wa leo anaweza kuhubiri amani kwa dhati na bado asisikike.

Ya pili ni umbali. Mkongo wa Ubelgiji au Ufaransa anaweza kuchochea mitaa ya Lubumbashi kama Kenya au Ruashi bila kuhofia jiwe dirishani. Jirani anayeishi mtaani humo huwa na sababu ya kupima maneno, kwani kesho atakutana na yule anayemtukana kisimani au kwa muuza unga.

Kisha iko lugha, ambayo watafiti wa nje huipuuza. Kiswahili cha Lubumbashi kinachanganya Kifaransa, Kibemba na Kiluba ndani ya sentensi moja. Kichujio kilichofundishwa Kiswahili cha vitabuni hakiwezi kujua kwamba jina la mdudu, likisemwa Likasi, lina maiti nyuma yake. Anayetaka kuwasema wengine bila wao kuelewa huhamia lugha ya nyumbani, na anayesikia lugha asiyoielewa hudhani anasemwa.

Serikali ina sheria. Ipo amri ya Juni 7, 1966 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, ambayo ingetosha kumfunga Kyungu wa 1992 na haikumfunga. Ipo pia Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Kinachokosekana ni uthabiti wa kuzitumia pande zote, na wakati mwingine uchochezi hauanzii kwenye simu hata kidogo. Mwaka 2021 uliwasilishwa bungeni muswada uliobuniwa na mwanasiasa Noël Tshiani, wa kutaka urais uachiwe wale tu ambao baba na mama yao wote wawili ni Wakongo. Kila mtu alielewa unamlenga nani: Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes cha Ugiriki. Muswada haukupita kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, lakini mitandao iliula kwa miaka miwili na nusu, ikipima vizazi vya watu. Huo ulitoka bungeni, kwa karatasi rasmi. Na serikali ilipozima intaneti nchi nzima tangu Desemba 31, 2018 kwa takriban siku 20, ilikuwa ni wakati wa kuhesabu kura, jambo linalofanya iwe vigumu kuamini kwamba uzimaji hufanywa kwa ajili ya amani.

Majirani wanatoa mwanga, kila mmoja kwa namna yake. Ethiopia ilikwenda mbali kuliko wote: katiba yake ya 1995 inayapa mataifa na makabila majimbo, na ibara ya 39 inayapa hata haki ya kujitenga. Alipouawa mwanamuziki Hachalu Hundessa mwezi Juni 2020, ghasia zilifuata mipaka hiyo, na miongoni mwa waliodhurika walikuwamo watu wa jamii za wachache wanaoishi ndani ya jimbo linaloitwa kwa jina la wengine. Kenya ilifanya kinyume katika katiba ya 2010: kaunti 47 zinazopokea mgao wao kwa fomula iliyoandikwa, na, kwa mujibu wa katiba hiyo, angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ukabila haukuisha, lakini bei ya kushindwa urais ilipungua kidogo, maana aliyekosa Ikulu anaweza bado kuwa gavana mwenye bajeti. Kongo imechukua majimbo yanayonukia asili, kama Ethiopia, bila fedha za uhakika kama za Kenya. Ni mchanganyiko mbaya kuliko vyote viwili.

Nairobi ndiko pia Meta ilikoshtakiwa Desemba 2022, kwa madai kwamba mfumo wake ulisambaza maandishi ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Kwa mtu wa Lubumbashi ambaye hana ofisi yoyote ya kampuni hiyo ya kugongea mlango, uamuzi huo una uzito.

Mtafiti anayetaka kupima haya yote anafanya kazi akiwa amefungwa macho nusu. Meta ilifunga CrowdTangle, chombo cha kufuatilia machapisho ya wazi, mwezi Agosti 2024. X ilianza kutoza fedha kwa data tangu 2023. WhatsApp, ambako mambo mengi ya Katanga hupita, haifunguki kwa mtu wa nje, na kuingia kwenye kundi la ukoo kwa kujificha ni usaliti, hata ukiitwa utafiti. Juu ya hayo, jina la mtafiti mwenyewe linasomwa kabla ya swali lake la kwanza. Mwenye jina la Kasai atapewa majibu fulani, mwenye jina la Kisanga atapewa mengine, na Mbelgiji atapewa yale ambayo watu wanadhani anayataka.

Mjadala umefunguka upya tangu Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi aliposema akiwa Kisangani kwamba nchi inahitaji katiba mpya. Wapinzani wake waliona ni njia ya kuongeza vipindi vya urais. Kwa Katanga swali lilikuwa pia juu ya ibara za 175 na 220: zitakufa kabla hazijawahi kuishi? Kisha 2025 viongozi wa waasi wa AFC/M23, wakiwa wameshika Goma na Bukavu, wakalichukua shirikisho kama hoja yao. Hawakuwasaidia hata kidogo watu wa Lubumbashi waliolitetea kwa maandishi na mihadhara miaka yote. Sasa anayelitaja neno hilo kwenye Facebook hujibiwa kwa kuulizwa yuko upande gani wa mstari wa mbele.

Fomula yoyote itakayoandikwa, iwe ya shirikisho au ya serikali moja, italazimika kujua ni watu wangapi wanaishi wapi: kwa ajili ya viti vya ubunge, kwa ajili ya mfuko wa kusawazisha, kwa ajili ya kubishana hata na wale wanaoandika kila siku kwamba kabila fulani limekuwa wengi mjini. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Mkazi wa Lubumbashi aliyehesabiwa wakati huo akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake sasa amepita miaka 40, huenda ana wajukuu, na jimbo aliloandikiwa halipo tena.